Gigabaiti Zangu Sitini na Tisa

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeibiwa. Mimi! Raphaeli, mwasisi, mwenyekiti na msemaji wa Kamati ya Kupinga Lumbesa Karatu na Mang'ola, nimeibiwa mchana kweupe na kijisanduku kisichozidi kipande cha sabuni.

Maelezo, kwa ajili ya historia. Mke wangu Cresensia ni katibu wa kwaya ya parokia. Jumapili hii kwaya inatimiza miaka ishirini na mitano. Ijumaa alinituma kwa Haruna, mwenye duka la simu na kompyuta karibu na stendi, nikanunue diski ya kuhifadhia nyimbo zote za kwaya tangu ianzishwe. Nikanunua. Jumamosi na Jumapili watu wakaleta vyao: kanda za zamani, video za harusi, simu zenye nyufa. Kila aliyemaliza kuhamisha akafuta kwenye simu yake palepale, maana zilikuwa zimejaa. Kompyuta ya parokia, iliyobeba sehemu kubwa, ilihamisha wimbo wa mwisho, ikatoa moshi kidogo, ikakata roho. Kwa hiyo kwaya nzima sasa imo ndani ya diski hii, na hapa tu. Imo pia sauti ya marehemu mzee Patrisi, mwalimu wa kwanza wa kwaya. Mjane wake, Bibi Angelina, anakuja kutoka Mbulu kwa ajili ya sauti hiyo. Hajaisikia tangu wamzike mumewe.

Hayo ni mambo ya Cresensia. Yangu ni haya. Kwenye boksi imeandikwa terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja. Leo nimeichomeka kwenye kompyuta yangu, nikaiuliza uwezo wake. Ikajibu: 931.

Mia tisa thelathini na moja! Sitini na tisa zimekwenda wapi? Kwaya yote, miaka ishirini na mitano ya alto na soprano, haifiki gigabaiti arobaini. Maana yake nimeibiwa nafasi ya kwaya moja na nusu!

Na wamemwibia nani? Mtu aliyesimama katikati ya Mang'ola msimu uliopita na kumtaja Mwamini, dalali wa vitunguu, mbele ya watu, kwa kosa la lumbesa. Kwa wasioijua: lumbesa ni gunia linaloshindiliwa mpaka linaota kichuguu juu ya mdomo wake. Dalali analipia gunia moja, anaondoka na moja na nusu. Mwamini alicheka tu siku ile. Akaniuliza kama kamati yangu ina mjumbe wa pili. Ninaye. Ni Cresensia. Hajajulishwa.

Jumanne, 10 Septemba

Kwa Haruna. Nimevaa koti la mikutano. Nimeweka diski juu ya kaunta na kuuliza, kwa sauti ya kutosha stendi nzima, ziko wapi gigabaiti sitini na tisa.

Haruna hakushtuka. Mwizi aliyekomaa hashtuki. Akanivutia kiti. Akauliza habari za nyumbani, habari za mke wangu, Mama Inosenti, habari za vitunguu. Nikajibu zote njema, maana adabu ni adabu, kisha nikasimama na kuanza kufoka upya. Akasema Mwalimu, kama mji mzima unavyoniita, hata gunia lina uzito wake, ukipima mchele ndani ya gunia lazima utoe gunia. Nikamwambia gunia la namna hiyo halijashonwa duniani. Akasema basi ni kompyuta, inakula kidogo njiani, kama dalali. Nikamuuliza kama anajua anachokisema. Akasema hajui, ila amewaambia wateja hivyo miaka kumi na wote wamekwenda zao wameridhika.

Wote wameridhika! Ndivyo taifa linavyoliwa!

Bodaboda walikuwa wameshajaa mlangoni. Mmoja akashauri tuipeleke buchani ikapimwe. Wengine wakacheka. Nikatoka kwa hasira, na kwa kuwa bucha iko njiani nikapita kuipima. Robo kilo kasoro. Haikusaidia kitu, na muuza nyama amenitaka nisirudi na vitu vya ajabu kwenye mzani wake.

Haruna hajui anapigana na nani. Mimi nasoma.

Jumatano, 11 Septemba

Nimesoma tangu kifungua kinywa. Cresensia ameniomba mara mbili nikabebe viti vya jubilei. Nimemwambia niko vitani.

Matokeo. Kompyuta, pamoja na majigambo yake yote, inajua mambo mawili tu: ndiyo na hapana. Taa imewaka, taa imezimwa. Ndiyo au hapana moja inaitwa biti. Biti moja haitoshi hata kuandika herufi. Ukizikusanya nane, unapata baiti, na baiti inabeba herufi moja. Wahenga walishalimaliza jambo hili: haba na haba hujaza kibaba. Biti ndiyo haba. Baiti ndiyo kibaba. Wazungu wamefika juzi!

Jina lenyewe lilitungwa na wahandisi wa Amerika katika miaka ya hamsini. Walimaanisha kile ambacho mashine inaweza kukimega kwa mara moja. Tonge, kwa maneno mengine. Tena mwanzoni tonge halikuwa sawa kwa wote. Mashine moja ilimega biti sita, nyingine tisa, kila kiwanda na mkono wake, kama nyumba yenye watoto wengi sinia moja. Baadaye wakatulia kwenye nane.

Nimejaribu. Raphaeli ni herufi nane, baiti nane. Cresensia ni tisa. Sikumwambia.

Kisha nikakifikia nilichokuwa nakitafuta. Mashine inahesabu kwa kuongeza maradufu: mbili, nne, nane, kumi na sita, na kuendelea, mpaka mia tano na kumi na mbili. Hatua inayofuata ni elfu moja na ishirini na nne. Elfu kamili haiigusi kabisa, inairuka. Kwa hiyo kilobaiti, kwa hesabu ya kompyuta, ni baiti elfu moja na ishirini na nne. Megabaiti ni kilobaiti elfu moja na ishirini na nne. Inapanda hivyohivyo.

Inatosha! Kiwanda kimekata zile ishirini na nne katika kila elfu! Makala ilikuwa inaendelea, lakini msomaji mzuri anajua pa kuachia.

Nimeandika waraka. Kichwa: TONGE LETU LI WAPI? Kurasa tatu. Mkali mno. Nimeusoma kwa sauti jikoni, hata kuku wamenyamaza.

Alhamisi, 12 Septemba

Ushindi!

Nimesimama mbele ya duka la Haruna, diski mkono wa kushoto, waraka mkono wa kulia. Nimesoma ukurasa wa kwanza, watu wakasimama. Ukurasa wa pili, wateja waliokuwa wanataka kuingia wakasita. Haruna akatoka nje, ameshika kichwa. Akasema Mwalimu, kwa heshima ya Mwenyezi Mungu, chukua fedha yako yote, niachie diski yangu, twende kila mtu na riziki yake. Akauliza kama kuna kitu changu humo ndani. Nikainua diski juu, nikajibu kwamba ndani mna wizi mtupu! Watu wakapiga makofi. Makofi ya kweli, si yale ya mikutano.

Nikamkabidhi. Nikapokea fedha zote. Nimepita buchani, nimenunua nyama nzuri ya kuchoma. Muuza nyama amenisamehe.

Baadaye, siku hiyohiyo.

Cresensia amekula vizuri. Amesifu nyama. Akasema sasa nimpe diski, wanakwaya wanataka kujaribu mitambo ukumbini.

Sijui nilikuwa na sura gani.

Nimesema iko kwa mtaalamu. Inakaguliwa. Akaniuliza mtaalamu gani. Nikasema mtaalamu wa diski. Akasema haya, Baba Inosenti. Nikasema chumvi imekwisha, nakimbia dukani. Chumvi ilikuwa mezani, pakiti nzima.

Haruna alikuwa anafunga duka, akaenda kuswali. Nikamsubiri. Aliporudi nikamwambia kwa upole, kama ndugu, kwamba nimetafakari na niko tayari kumsamehe, anirudishie diski. Akasema haipo. Modest wa Mang'ola, yule mwenye banda la video, alikuwa dukani wakati nasoma waraka. Ameinunua nilipogeuka tu, kwa bei ya chini. Aliomba apunguziwe kwa sababu Mwalimu mwenyewe amethibitisha mbele ya watu kwamba ina upungufu.

Nikamuuliza Haruna kwa nini hakukagua ndani. Akasema alikagua. Alimuuliza mwenye mali, na mwenye mali akasema mna wizi mtupu.

Modest ataifuta. Ni banda la video. Atafuta kila kitu ajaze filamu za ngumi. Bibi Angelina anapanda gari Jumamosi.

Nimempigia Modest. Inaita, haipokelewi. Nimepiga tena. Inaita.

Nyama iliyobaki sikuigusa.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimeondoka asubuhi na lori tupu linalokwenda kupakia vitunguu Mang'ola. Nimemwambia Cresensia nakwenda kuangalia mfereji shambani. Akasema nimsalimie mfereji.

Dereva alitaka hadithi. Nikamwambia nasoma. Nilifungua tena ile makala, mahali nilipoiachia Jumatano, ili nisifikirie filamu za ngumi.

Laiti nisingeifungua!

Kilo, inasema makala, ni neno la Kigiriki, maana yake elfu. Elfu kamili. Kilomita ni mita elfu, kilogramu ni gramu elfu, na ilikuwa hivyo muda mrefu kabla ya kompyuta kuzaliwa. Giga nalo ni la Kigiriki, maana yake jitu. Watu wa kompyuta walipoona 1024 yao iko karibu na elfu, wakaliazima neno kilo bila kumwuliza mwenyewe. Wenye viwanda vya diski hawakufanya hivyo. Wao elfu kwao ni elfu. Mwishoni mwa miaka ya tisini mabwana wa vipimo wa dunia wakakaa, wakawapa watu wa kompyuta majina yao wenyewe: kibi, mebi, gibi. Hakuna aliyeyatumia. Unaweza kuona kwa nini.

Kwa hiyo diski yangu ina baiti milioni milioni moja. Terabaiti moja kamili. Haikupungua hata tonge. Kompyuta yangu imeipima kwa kibaba kikubwa zaidi, ikapata vibaba vichache zaidi. Basi. Hakuna mwizi. Hapajawahi kuwa na mwizi.

Nimefunga simu. Nimetazama dirishani mpaka mashamba ya vitunguu yalipoanza. Dereva aliniuliza kama naumwa.

Lakini mtu wa hoja hafi na hoja moja! Kabla hatujafika nilikuwa na mpango. Ukweli huu naujua mimi tu. Modest anaamini diski ina upungufu. Nitamwambia upungufu huo unaongezeka kila siku, kwamba utakula filamu zake zote, kwamba mimi kama mwenyekiti nimejitolea kumwondolea balaa. Atanibembeleza niichukue.

Banda la Modest liko nyuma ya maghala. Mabati, mabenchi, turubai. Ubao mlangoni: LEO NGUMI TUPU. Nikashika nguzo.

Ndipo nikasikia. Kutoka ndani, kwenye spika mbovu, sauti ya mzee Patrisi. Anaanzisha wimbo wa mavuno wa Kiiraqw, anaukatiza katikati, anafoka: "Nyuma huko, mnaimba au mnatafuna?" Na banda zima, wapakiaji wa magunia, vifua wazi, wengi wao hawajakanyaga kanisani maisha yao yote, wakaitikia pamoja naye: mnaimba au mnatafuna! Wakaangua kicheko. Wakaimba.

Ipo! Yote ipo! Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Modest dakika ile. Nikafuta macho. Vumbi.

Benchi la mbele, chai mkononi, khanga begani: Mwamini. Dalali mwenyewe.

Hapo mtu mwenye akili angeomba diski yake na kuondoka. Lakini mpango ni mpango. Nilisimama mbele ya turubai, nyuso za alto zikawa zinacheza kwenye koti langu, nikatangaza kwamba diski ile ni hatari. Wapakiaji wakapiga mbinja. Nikasema ina upungufu wa gigabaiti sitini na tisa. Modest akasema anajua, ndiyo maana kaipata rahisi, anaomba nisogee, nimeziba kwaya. Mwamini akaweka kikombe chini. Akasema mwacheni Mwalimu, mimi nataka kuelewa. Upungufu kwa kipimo cha nani?

Alikuwa ameniuliza swali. Hakuna mtu mwingine aliyeniuliza swali wiki nzima. Nikaeleza. Mungu anisamehe, nilieleza vizuri sana. Biti, baiti, kibaba, Wagiriki. Nikaeleza kwamba kiwanda kinajaza elfu kamili, ilhali kompyuta kila penye elfu inataka elfu moja na ishirini na nne. Nikachora hata mavumbini.

Mwamini akatazama michoro. Akasema ngoja, nisije nikakusingizia. Kiwanda kimejaza elfu, kama kilivyoandika. Nikasema ndiyo. Na wewe unataka juu ya kila elfu wakuongezee ishirini na nne. Nikasema ndiyo. Halafu juu ya hizo tena, na tena juu yake. Nikasema naam, inapanda hivyo, na hapo nikaanza kufuta michoro kwa kiatu. Mwamini akasimama, akawageukia wapakiaji, akasema:

"Jamani! Mwenyekiti anataka lumbesa!"

Sitaandika kilichofuata. Nitaandika kidogo. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Mwingine akatoka nje kuwaita wenzake. Wakanipa jina papohapo, na jina hilo litafika Karatu kabla yangu: Mwalimu Kichuguu. Mwamini hakucheka. Alikuwa anajifuta machozi kwa pembe ya khanga, akasema Mwalimu ananituhumu tangu msimu uliopita, kumbe tuko kazi moja.

Modest alizima jenereta ili watulie. Akaniuliza, Mwalimu, kwani unataka nini hasa? Nikasema nataka kwaya ya mke wangu. Sikuwa na waraka wa hilo. Nikasema Jumapili kuna mama mzee anakuja kusikia sauti ya mumewe, na mimi nimeiuza.

Wale wa mlangoni wakaingia ndani.

Modest akasema, si ungesema hivyo tangu mlangoni! Akaanza kuchomoa waya. Lakini wapakiaji wakagoma. Walikuwa wamelipa kiingilio na wimbo haujaisha. Jenereta ikawashwa. Mwamini akasogea kwenye benchi, akanionyesha pembeni yake mahali pa kukaa. Nikakaa. Nikanunuliwa chai. Tukaimba mpaka mwisho, mimi na makuli na adui yangu.

Kisha fedha. Zilipungua kidogo, kwa sababu ya ile nyama. Modest akakuna kichwa. Mwamini akasema hilo ni dogo, Mwalimu ana vitunguu shambani, atoe gunia moja, yeye atalinunua na Modest achukue chake. Nikakubali. Lakini akasema, kwa vile Mwalimu ni mtu wa 1024, lisiwe gunia la elfu.

Nilisimama shambani kwangu mwenyewe nikashuhudia wapakiaji wawili wakilishindilia. Wakaongeza. Wakapanda juu yake. Wakaongeza tena. Wakashonea kamba juu ya kichuguu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvishutumu. Mwamini akanitaka nikishike, apige picha.

Nimerudi Karatu juu ya lori, diski ndani ya shati, kifuani. Nimeishika njia nzima kama kifaranga. Nilikuwa nachekacheka peke yangu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemkabidhi Cresensia diski. Nimesema mtaalamu ameridhika nayo. Akainusa. Akasema mtaalamu wako analala kwenye vitunguu?

Nimebeba viti vyote. Bila kuombwa.

Jumapili, 15 Septemba

Jubilei. Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Haruna na mkewe Zulfa wamealikwa, wako meza ya pili, Haruna ana sahani mbili za pilau. Akanipungia mkono. Nikampungia.

Bibi Angelina amekaa mbele, koti la baridi, mikono mapajani. Mitambo ikawashwa. Nilikuwa nyuma, karibu na mlango, kwa tahadhari. Mzee Patrisi akatokea, kijana bado, shati limemzidi. Akaanzisha wimbo. Bibi hakulia. Alisogea tu mbele kwenye kiti, kama mtu anayemsikiliza mwenzake akiwa chumba cha pili.

Kisha ile sehemu. Nyuma huko, mnaimba au mnatafuna? Ukumbi ukacheka. Bibi Angelina akacheka zaidi ya wote, akageuka nyuma, akanyoosha kidole, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye masufuria: "Alikuwa anamsema Raphaeli!"

Kweli. Kamera ikahama, nikaonekana. Mstari wa nyuma, kijana mwembamba, shavu limejaa andazi.

Ndipo bibi akalia, huku bado anacheka. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara nyingi. Wanikariri sasa, wilaya nzima.

Nilitoka nje kupumua. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo mgongoni. Cresensia akanifuata, amebeba soda mbili. Nikaona ni saa ya kusema kweli, kidogo. Nikaanza na mfereji. Akasema anajua. Zulfa alimwambia yote Alhamisi, kabla hata sijarudi na chumvi. Alimpigia Modest palepale, akamwambia asifute kitu, fedha Baba Inosenti anakuja nazo. Modest alifungua diski ili tu ahakikishe kwaya imo. Wapakiaji wakasikia, ikawa haizimiki.

Nikamuuliza kwa nini Modest hakupokea simu yangu. Akasema yeye ndiye aliyemkataza. Aliogopa ningemchanganya kwa hoja mpaka akaifuta.

Na gunia?

Gunia gani, akauliza Cresensia.

Nimekunywa soda yangu. Alikuwa anacheka mpaka soda yake inamwagika. Akaweka kichwa begani kwangu kidogo, mbele za watu, kitu asichokifanya. Akasema nimwahidi jambo moja tu: kesho niipeleke diski kwa Haruna, atoe nakala mbili, moja ya parokia, moja ya Bibi Angelina, kabla ya jambo lingine lolote. Nimeahidi. Nimeapa. Mkono juu.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeamka mwepesi. Ndege wanaimba. Nimevaa, nimetia diski mfukoni niende kwa Haruna, kama nilivyoahidi. Mimi ni mtu wa ahadi.

Nilipofika kona ya stendi simu ikalia. Ujumbe. Bando langu la gigabaiti moja limekwisha.

Limekwisha? Nililinunua jana! Nimesoma kurasa chache tu!

Nikasimama. Gigabaiti moja, sawa. Lakini ni ipi? Ya elfu, au ya elfu moja na ishirini na nne? Kampuni ya simu haikuandika! Wananiuzia kwa ipi na kunikata kwa ipi? Wajuao kutofautisha vibaba hivi viwili Karatu nzima ni wawili tu, mimi na Mwamini, na Mwamini hataandika waraka!

Nimekwenda moja kwa moja kwenye kioski chao. Dada wa kioski amesema yeye anasajili laini tu. Ndivyo wanavyosema wote. Kwa hiyo ni Arusha. Ofisi ya vipimo. Kesho, gari la kwanza. Waraka umeshaanza: NI LUMBESA AU SI LUMBESA? Naona kurasa nane. Nimempigia Mwamini kumwomba awe mjumbe wa kamati. Alicheka muda mrefu, halafu akauliza kama kuna posho. Hajakataa!

Afisa wa vipimo atataka kuona kielelezo. Kitu cha kushika mkononi, chenye maandishi ya kiwanda na hesabu ya kompyuta pamoja, aone tofauti kwa macho yake. Bahati nzuri ninacho. Nimekifunga vizuri ndani ya kitenge cha Cresensia, nikakitia kwenye mkoba, chini ya waraka, nitakiacha kwao wakichunguze hata wiki nzima wakitaka.

Nakala nitatoa wakikirudisha.